Bunduki moja, darubini mbili

Katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kuna bunduki inayofanya kazi mbili kwa umbo moja. Inaitwa M110A1, imetengenezwa na Heckler & Koch ya Ujerumani, inatumia risasi ya milimita 7.62 kwa 51, na ni nusu-otomatiki: kila ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, na nyingine inaingia yenyewe. Mdunguzi akikabidhiwa bunduki hii, juu yake panafungwa darubini ya Schmidt & Bender inayokuza kutoka mara 3 hadi mara 20, lenzi ya mbele milimita 50. Akikabidhiwa askari anayeitwa mlenga shabaha wa kikosi, bunduki ni ileile, lakini darubini ni TANGO6 ya SIG Sauer: mara 1 hadi mara 6, lenzi milimita 24.

Mtu akizisoma namba hizo upesi atasema huyu wa pili amepunjwa. Kwa nini umpe mara 6 askari ambaye bunduki yake inaweza kufungwa mara 20? Mimi naona hakupunjwa hata kidogo. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu ni nadra kupata ulinganisho safi namna hii. Bunduki haikubadilika, kwa hiyo tofauti ya darubini imetokana na mtu na kazi yake tu. Na ukiitazama kazi ya mlenga shabaha wa kikosi, utaona kwamba namba iliyoamua mambo ni ile ndogo ya mwanzo, yaani 1, ambayo wanunuzi wengi hata hawaitazami.

Ilikotoka

Chimbuko ni Afghanistan. Askari wa miguu wa Marekani alikuwa na bunduki ya M4 ya risasi ya milimita 5.56, ambayo hadi mita 300 hivi inafanya kazi yake vizuri. Lakini mabonde ya kule ni mapana, na wapiganaji wa Taliban walipenda kushambulia kwa bunduki za rashasha aina ya PK wakiwa juu ya matuta, mbali kuliko hapo. Jeshi likazitoa ghalani M14, bunduki za enzi za Vietnam, likazivisha fremu mpya ya aluminiamu na darubini ya Leupold ya mara 3.5 hadi 10. Zilipiga mbali, sawa, ila zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 6, na kikosi kikirejea nyumbani zilirudishwa. Zilikuwa kama za kuazima, hazikuwamo kwenye orodha ya kudumu ya silaha za kikosi.

Mwaka 2016 Heckler & Koch ilishinda zabuni ya bunduki fupi na nyepesi zaidi ya mdunguzi, kuchukua nafasi ya M110 ya awali iliyotengenezwa na Knight's Armament. Msingi wake ni G28 ya jeshi la Ujerumani, ambayo nayo ilizaliwa kwa mahitaji yaleyale ya Afghanistan. Kisha Mei 2017 Jenerali Mark Milley, wakati huo mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, aliwaeleza maseneta kwamba risasi ya 5.56 haipenyi baadhi ya fulana mpya za kinga. Mjadala wa kurudi kwenye 7.62 ukapamba moto. Mpango wa kuwagawia askari wa miguu kwa wingi bunduki za 7.62 ulitangazwa na kufutwa mwaka huohuo, ikabaki njia ya kati: mtu mmoja katika kila kikosi abebe bunduki inayofika mita 600. Bunduki yenyewe ilikuwa tayari kwenye mkataba. Mwaka 2018 Jeshi likaamua kuichukua hiyohiyo, mpango ukiwa wa kati ya bunduki 5,000 na 6,000, na mwaka 2020 ikaanza kugawiwa vikosini.

Msomaji wa Kenya anaifahamu risasi hii hata kama hajawahi kuijua kwa namba. Ndiyo ya bunduki ya G3, ambayo ameiona miaka yote begani mwa askari polisi, na G3 nayo ni ya kampuni ileile ya Heckler & Koch.

Kutoka mita 0 hadi mita 600

Mdunguzi kwa kawaida hufanya kazi na mwenzake. Anatafuta mahali, analala, anapima umbali, anasoma upepo, anangoja. Mlenga shabaha wa kikosi hana nafasi hiyo. Yeye ni mmoja wa askari 9. Wenzake wakivuka barabara mbio, naye anakimbia. Wakiingia nyumba, anaingia nao chumba baada ya chumba, na bunduki aliyonayo ni hiyohiyo. Wakishatoka nje anaambiwa kuna mtu kwenye paa la mbali, amshughulikie. Kwa hiyo, ingawa aliletwa kikosini kwa ajili ya umbali wa mita 300 hadi 600, darubini yake lazima ihesabiwe kuanzia mita 0.

Hapo ndipo darubini ya mara 3 hadi 20 inapoanguka mtihani kabla hata hatujafika kwenye 20. Kwa mara 3, mtu aliye hatua nne mbele yako ni kitambaa cha shati chenye ukungu kilichojaza lenzi. Hujui kama ni bega au ni tumbo, hujui kama ana silaha mkononi. Wajerumani walilijua tatizo hilo. Kwenye G28 walifunga darubini ileile ya Schmidt & Bender kisha wakaweka juu yake kifaa kidogo cha nukta nyekundu cha Aimpoint, kwa ajili ya karibu. Ni suluhisho linalofanya kazi, lakini lina gharama. Kichwa kinanyanyuka kutoka kwenye kitako, shavu linakosa pa kuegemea, na sasa kuna vifaa viwili vya kusawazisha na mtutu badala ya kimoja. Kwa mdunguzi, ambaye kukutana na adui kwa karibu ni ajali tu, hiyo ni bei nafuu. Kwa mtu anayeingia vyumbani kila siku, sivyo.

Kwa mara 1 halisi hali ni nyingine kabisa. Macho yote mawili yanabaki wazi, ubongo unaunganisha picha mbili kuwa moja, na nukta inayowaka katikati inakaa juu ya kile unachokitazama. Kwa umbali wa mita 100 darubini za namna hii zinakuonyesha upana wa zaidi ya mita 30. Hata hivyo, neno “halisi” lina uzito. Darubini nyingi zilizoandikwa 1 kwenye pete ya kuzungushia ukuzaji huwa na ukuzaji mdogo uliobaki, au zinapinda picha pembezoni. Kipimo chake hakihitaji maabara. Tazama nguzo ya umeme au ukingo wa mlango kupitia darubini, macho yote mawili wazi. Mstari wa nguzo unaouona ndani ya lenzi ukiungana na ule wa nje bila kuvunjika wala kunenepa, una mara 1. Ukiona ngazi kwenye mstari, au kichwa kikaanza kuuma baada ya dakika chache, pete inakudanganya.

Kuna sharti la pili ambalo wauzaji hawapendi kuulizwa: taa ya msalaba wa shabaha, yaani mistari ya kulengea iliyo ndani ya lenzi. Karibu kila darubini ya siku hizi ina taa, lakini nyingi zinaonekana jioni tu. Saa sita mchana, mbele ya ukuta mweupe uliopigwa na jua, ile nyekundu inafifia mpaka unabaki na mistari myembamba myeusi. Kwa mara 6 hilo si neno. Kwa mara 1 ni kila kitu, kwa sababu pale hufanyi kazi ya kulinganisha mistari, unaitazama shabaha tu na kuiacha nukta ikufuate. Darubini ya mara 1 isiyo na nukta inayoonekana mchana ni darubini ya mara 3 iliyokosea njia.

Sasa twende mbali. Je, mara 6 zinatosha kwa mita 600? Hesabu ni nyepesi: gawanya umbali kwa ukuzaji. Mita 600 kwa mara 6 ni sawa na kumtazama mtu kwa macho matupu akiwa mita 100. Kwa mara 20 ni kama yuko mita 30. Kwa mita 100 kila mwenye macho mazima anaona kiwiliwili cha mtu vizuri vya kutosha kukilenga. Mara 20 zinaongeza nini hapo? Zinaongeza kitufe cha shati. Lakini bunduki nusu-otomatiki inayotawanya risasi zake ndani ya duara la sentimita 4 kwa mita 100 itazitawanya ndani ya sentimita 24 au zaidi kwa mita 600, na darubini haiwezi kulikaza duara hilo hata ukiikuza vipi. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Kinachompotezea mtu shabaha kwa mita 600 ni mambo mengine. Bunduki ya 7.62 iliyosawazishwa kwa mita 100 itashusha risasi yake zaidi ya mita 3 ikifika mita 600. Upepo wa pembeni wa mita 4 au 5 kwa sekunde utaisukuma zaidi ya nusu mita. Mdunguzi anayarekebisha hayo kwa kuzungusha vifundo vya darubini akihesabu mibofyo. Mlenga shabaha wa kikosi hana muda huo, wala haifai, maana akisahau kuvirudisha vifundo risasi inayofuata ya mita 80 itapita juu ya kichwa. Yeye anahitaji alama ndani ya lenzi zilizopimwa kwa risasi yake: hapa mita 300, hapa 400, hapa 500. Anainua bunduki mpaka alama inayofaa ikae juu ya shabaha, anapiga. Kwa hiyo, ukiniuliza ni kipi kinachostahili fedha kwa upande wa mbali, nitataja alama hizo kabla sijataja ukuzaji.

Mwanga, uzito na mshtuko

Chukua kipenyo cha lenzi ya mbele, gawanya kwa ukuzaji. Unapata upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini kuelekea jichoni. TANGO6 kwa mara 6: 24 kwa 6, milimita 4. Schmidt & Bender kwa mara 20: 50 kwa 20, milimita 2.5. Lile lililoonekana dogo kumbe linatoa duara pana zaidi katika ukuzaji wake wa juu. Mboni ya jicho mchana ina milimita 2 au 3, jioni inafunguka hadi 5 au 6. Duara jembamba linamaanisha picha yenye giza jioni na, baya zaidi, jicho linalotakiwa kukaa mahali pamoja bila kusogea. Mdunguzi aliyelala anaweza. Mtu aliyepiga goti nyuma ya ukuta, anahema, helmeti inamshuka usoni, hawezi. Kwa haki ya mdunguzi, yeye akishusha mpaka mara 10 anapata milimita 5 na hapo anampita mwenzake, na ndivyo wadunguzi wengi wanavyofanya. Hawaishi kwenye 20.

Uzito: darubini ya mdunguzi inakaribia gramu 900, ya kikosi ni gramu 600 na ushei, bila kishikizo kinachoifunga kwenye bunduki. Tofauti ya robo kilo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba inakaa juu ya bunduki ya takriban kilo 4, na kwamba bunduki hiyo inainuliwa na kushushwa mchana kutwa.

Bunduki nusu-otomatiki ina tabia zake pia. Mtambo wake mzito unarudi nyuma kisha unagonga mbele, kwa hiyo darubini inapokea mishtuko ya pande zote mbili. Ndiyo sababu kishikizo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nimeona watu wakitoa fedha nyingi kwa lenzi kisha wakaifunga kwa pete za kufungia za bei ya chini kabisa, halafu wanalalamika kwamba darubini “imehama.” Kwenye bunduki za umbo hili kishikizo kinachofaa ni cha kipande kimoja kinachochomoza mbele, miguu yake yote ikiwa kwenye reli ya mwili wa bunduki. Mguu mmoja ukikaa kwenye mwili na mwingine kwenye kinga ya mtutu, kila ukiiegemeza bunduki ukutani shabaha inahama. Faida ya nusu-otomatiki ni kwamba risasi inayofuata iko tayari, na mwenye upana wa kuona anaweza kuona vumbi la risasi ya kwanza lilipotimka na kurekebisha papo hapo. Kwa mara 20 upana huo kwa umbali wa mita 100 ni mita 2 hivi. Msukumo wa bunduki ukishaitikisa, shabaha imeondoka machoni. Na mtutu ukishapata moto baada ya magazini mbili, mazigazi ya joto yanayopanda mbele ya lenzi yanakuzwa pamoja na shabaha.

Msalaba mbele au nyuma

Hili linawagawanya watu mpaka leo. Msalaba wa shabaha ukiwekwa mbele ya lenzi za kukuza, unakua na kupungua pamoja na picha, na alama zake ni za kweli katika kila ukuzaji. Ila kwa mara 1 unakuwa mdogo kiasi cha kupotea. Ukiwekwa nyuma, unabaki na ukubwa uleule siku zote, unaonekana vizuri kwa mara 1, lakini alama za umbali ni za kweli katika ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu kabisa. Kamandi ya operesheni maalumu ya Marekani, ilipochagua darubini za kikosi mwaka 2018, haikujaribu kumaliza ubishi. Ilichukua zote mbili: Nightforce ATACR ya mara 1 hadi 8 yenye msalaba wa mbele, na TANGO6T ya mara 1 hadi 6 yenye msalaba wa nyuma.

Mgawanyo huo una mantiki. Ukiwa na mara 6 tu za juu, karibu kila mara unapohitaji alama utakuwa umeshaizungusha pete mpaka mwisho, kwa hiyo msalaba wa nyuma haukudhuru. Ukifika 8 au 10 unaanza kusimama katikati mara kwa mara, kwa sababu ya mazigazi, mwanga au upana, na hapo alama zisizokuwa za kweli zinaweza kukupeleka kombo bila wewe kujua. Kwa hiyo kanuni yangu ni ya kibahili: hadi 6, chagua unaoupenda; kupita hapo, mbele.

Pale ukosoaji ulipo wa haki

Upungufu mmoja wa uamuzi huu ni wa kweli. Kulenga mtu na kumtambua ni mambo mawili. Kwa mara 6 kwenye mita 600 unaona kiwiliwili. Kujua kama kilichoko mkononi ni bunduki au jembe ni shida. Mlenga shabaha wa kikosi si mpigaji tu, ni jicho la kiongozi wake, na swali la kwanza analoulizwa si “unaweza kumpiga?” bali “yule ni nani?” Mara 8 zingemsaidia. Jeshi la Wanamaji wa Kutua Nchi Kavu la Marekani, yaani Marines, lilipochagua darubini ya vikosi vyake mwaka 2020 lilikwenda huko: Trijicon VCOG ya mara 1 hadi 8, lenzi milimita 28. Tazama ile 28. Walipoongeza ukuzaji waliongeza na lenzi, duara la mwanga likabaki milimita 3.5 kwa mara 8. Darubini za mara 1 hadi 10 zenye lenzi ya 24 zinakuachia milimita 2.4, na hapo namba imeongezwa kwenye boksi kuliko kwenye jicho.

Kati ya hizi mbili, kwa bunduki ya 7.62 ya kikosi, mimi ningechukua ile ya Marines. Lakini hiyo ni tofauti ya ndugu wawili wa nyumba moja. Wote wameanzia 1.

Na anayenunua kwa fedha zake

Kuna Waswahili wanaoishi Texas na majimbo ya jirani wanaowinda nguruwe pori kwa bunduki za nusu-otomatiki, kwa kufuata sheria za kule, na swali hili huwajia wakiwa mbele ya kabati la duka. Kisa cha M110A1 hakiwaambii wanunue mara 1 hadi 6. Kinawaambia waulize shabaha yao ya karibu iko wapi. Anayetembea vichakani, nguruwe akimtokea hatua kumi mbele, anahitaji 1 na taa kali. Anayekaa juu ya jukwaa jioni akitazama uwazi wenye chakula mita 150 mbele hatawahi kuitumia 1 hata siku moja. Huyo atafaidi zaidi kwa mara 3 hadi 9 yenye lenzi ya milimita 40: kwa mara 8 inamletea milimita 5 za mwanga saa ambayo nguruwe hutoka. Ni nyepesi, na bei yake ni sehemu ndogo ya zile za jeshi.

Hata jeshi lenyewe limeshasogea. Januari 2022 liliipa kampuni ya Vortex mkataba wa miaka 10, hadi vifaa 250,000, wa kutengeneza kifaa cha kulengea cha XM157 kwa ajili ya bunduki mpya ya risasi ya milimita 6.8. Ndani yake kuna kipima umbali cha leza, kompyuta ya mwendo wa risasi na dira, na mahali pa kulenga panachorwa mbele ya jicho. Ukuzaji ni mara 1 hadi 8, lenzi milimita 30, na msalaba umechongwa kwenye kioo ili betri ikizimika askari aendelee kulenga.